Nanosilika ya pumba za mpunga ni nini?

Ukipita Igurusi au Ubaruku, kule Mbarali mkoani Mbeya, msimu wa mavuno, nyuma ya kila mashine ya kukoboa utakuta vilima vya pumba, vingine vikifuka moshi. Wachoma matofali hujichukulia. Ng'ombe hawana habari nazo: wanataka zile laini zinazotoka mchele ukisuguliwa, si hizi ngumu za ganda.

Ugumu wenyewe ndio mali. Mpunga hunyonya silika iliyoyeyuka kwenye maji ya jaruba na kuipandisha hadi kwenye ganda la punje. Maji hukauka, silika inabaki. Ni silika hiyohiyo ya mchanga, ila hapa imekaa katika chembe ndogo mno ambazo hazijajipanga kuwa fuwele kama punje za chumvi.

Kitu huitwa cha nano chembe zake zikiwa na ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Udogo huo huongeza uso wa kunasia vitu. Gramu moja tu ya nanosilika, yaani silika ya chembe ndogo hivyo, inaweza kuwa na uso unaozidi mita za mraba 100, sawa na sakafu ya nyumba nzima ya familia. Ndiyo maana hutumika kunasa uchafu kwenye maji, kukaza zege na kuimarisha mpira. Goodyear hutengeneza baadhi ya matairi yake kwa silika ya majivu ya pumba za mpunga.

Kazi kubwa hapa ni kusafisha, maana mmea umeshatengeneza chembe zenyewe. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za pumba. Zikiungua, hubaki kama kilo 4 za majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Pumba huoshwa kwanza kwa asidi kuondoa potasiamu na madini mengine, husuuzwa, hukaushwa, kisha huchomwa kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 600 hivi hadi ubaki unga mweupe.

Hapo kwenye moto ndipo wengi wanapoharibu. Tanuri la matofali hupita nyuzi 800 bila taabu, na kwa joto hilo chembe hushikana, silika ikaanza kuwa fuwele. Atakayekuuzia gunia la majivu ya tanuri kwa jina la nano anakupiga. Tena vumbi la fuwele hizo huumiza mapafu, hivyo usiyachekeche bila barakoa.

Majivu ya kijivu yasiyoungua kupita kiasi bado yana njia: huchemshwa na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, silika ikayeyuka na kaboni ikachujwa. Ukidondoshea asidi taratibu, silika hurudi kama uji mzito, unaooshwa na kukaushwa. Gharama iko kwenye kemikali hizo, na maji yake ya kuoshea lazima yatibiwe kwanza. Hayafai kumwagwa kwenye mfereji unaokwenda majarubani.