Sumaku ya MRI Hailali

"Si mashine bado haijawashwa?" Bi mmoja wa Kibokoni alimwuliza hivyo mhudumu aliyemzuia mlangoni mwa chumba cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, mkoba kwapani, mtandio umebanwa kwa pini tatu. Wengi hapa Mombasa hudhani vivyo hivyo: kwamba sumaku huanza kuvuta pale kelele zinapoanza. Sivyo. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya majimaji, kiasi cha nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme huzunguka humo bila kukoma, usiku na mchana, hata stima ikipotea. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia.

Basi pini ile ya chuma, ndogo hivyo, yaweza kuchomoka ikaruka kama mshale. Zitoe zote, na uzihesabu. Acha nje simu, saa, funguo, kadi ya benki, hata hirizi yenye kijikasha cha bati. Bangili za dhahabu safi hazivutwi, ila zaweza kupata joto na kukuunguza, zivue tu.

Vya ndani ya mwili ndivyo vizito zaidi. Betri ya moyo, klipu za ubongoni, koili ya kupanga uzazi: sema mapema, na uje na karatasi za upasuaji. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kurukiwa na kijichuma jichoni naye aseme, hata kama ni zamani. Huenda akapigwa eksirei ya macho kwanza.

Na kushinda njaa? Mara nyingi si lazima, ila ukiambiwa.