Nafasi Kati ya Pistoni na Silinda Hedi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Injini ikizungushwa kwa mkono bila pistoni kugusa hedi (kifuniko cha juu cha silinda), nafasi inatosha.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Kuzungusha kwa mkono kunaonyesha hali ya injini baridi isiyo na mzigo wowote. Injini ya mbio za dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) inapofikia mizunguko 8,000 au 9,000 kwa dakika, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti) huvutwa ikarefuka, krankishafti (mhimili mkuu wa injini) hupinda kidogo, uwazi wa beringi huishia upande mmoja, na pistoni huyumba juu ya pini yake. Kila kimoja kati ya hivyo huila nafasi uliyoipima mezani. Nguvu inayoivuta konrodi hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutoka mizunguko 6,000 hadi 9,000 huongezeka mara 2.25, ingawa kasi yenyewe imeongezeka kwa nusu tu.

Wengi hudhani pia kwamba pistoni hugonga hedi wakati mchanganyiko unapogandamizwa na kuwaka. Ukweli ni kinyume chake, kwani wakati huo gesi huisukuma pistoni kwenda chini. Hatari iko mwishoni mwa mpigo wa kutoa moshi, ambapo pistoni hufika kileleni pasipo shinikizo kubwa la kuizuia, na ndiyo maana gia ikikosewa na injini ikazunguka kupita kiasi, alama hupatikana: ukifungua hedi utaona ukingo wa pistoni uking'aa mahali ambapo masizi yamefutwa.

Dhana: Kipimo kimoja kinafaa kila injini.

Kwa konrodi za feleji, mafundi wengi huanzia karibu mm 1.0, kwa konrodi za alumini huanzia kati ya mm 1.4 na 1.6. Tofauti hiyo si woga. Konrodi ya alumini yenye urefu wa mm 150 ikiongezeka joto kwa nyuzi 80 za Selsiasi hurefuka takriban mm 0.28, ilhali ya feleji hurefuka nusu ya hapo, tena bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya chuma hutanuka karibu sawa na feleji hivyo ongezeko lake hufidiwa. Alumini pia hurefuka zaidi inapovutwa. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu, na pistoni iliyolegea zaidi ndani ya silinda huhitaji nafasi zaidi kwa sababu huyumba zaidi.

Dhana: Nafasi kubwa zaidi ni salama zaidi.

Sehemu bapa ya pistoni na sehemu bapa ya hedi zinapokaribiana, huubana mchanganyiko na kuurusha kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, nao huwaka haraka na kwa usawa. Ukiacha nafasi pana kupita mahitaji ya konrodi, mbano huo hudhoofika, na mchanganyiko unaobaki pembezoni unaweza kujiwasha wenyewe kabla mwali haujaufikia. Fundi aliyetafuta usalama huishia kualika noki, yaani mgongo wa injini unaotokana na mchanganyiko kujiwasha hivyo, na uwiano wa mgandamizo nao hushuka.

Dhana: Kupima silinda moja kunatosha.

Uso wa bloku, konrodi na krankishafti hazilingani kikamilifu, kwa hiyo pima kila silinda. Weka geji ya saa juu ya mstari wa pini, ambapo kuyumba kwa pistoni hakupotoshi kipimo. Ikiwa pistoni inaishia mm 0.10 chini ya uso wa bloku na gasketi (tabaka la kuziba kati ya bloku na hedi) iliyobanwa ina mm 0.99, nafasi ni mm 1.09, ikichomoza mm 0.13, inabaki mm 0.86 tu. Tumia unene wa gasketi iliyobanwa, si wa gasketi mpya. Kwa pistoni yenye nundu, hesabu hii haitoshi: bandika udongo laini wa kufinyangia juu yake, funga hedi, zungusha injini, kisha ukate udongo na upime mahali palipo pembamba zaidi.

Nafasi ya valvu nayo ni jambo jingine. Valvu ya moshi huikaribia pistoni zaidi takriban nyuzi 10 za mzunguko wa krankishafti kabla ya kilele, na ya kuingizia takriban nyuzi 10 baada yake, kwa hiyo ipimwe pale, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ikiwa imeshapangwa.