Eti wanawake huitikia tu?

Kwenye matamasha ya Kisumu bado utamsikia mtu akisema kwamba mtunzi ni mwanamume, mwanamke kazi yake ni kuitikia. Dhana hii ina chanzo. Nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, kwa desturi ilipigwa na wanaume, na mpigaji ndiye aliyekaa mbele za watu.

Lakini ipo dodo, nyimbo za wanawake wa Kiluo. Kiongozi huanza, wenzake wakapokea. Kisha humgeukia mwenyeji, akamtaja kwa jina, kwa ukoo, na kwa vituko vyake pia. (Aliyebana mkono kwenye sherehe ajue habari zake zitaimbwa.) Maneno hayo hayatoki kwenye daftari la mtu, kiongozi anayatunga mwenyewe. Ogoya Nengo wa Siaya ameimba dodo hadi majukwaa ya Ulaya.

Waandishi nao wapo: Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo mwaka 1930, alichapisha riwaya ya The Promised Land mwaka 1966, kisha Miaha kwa Kiluo mwaka 1983.

Basi ratiba ya tamasha isiandike tu “akina mama, burudani”. Iandike jina la mtunzi.