Unarudi kubadilishiwa valvu ya moyo: uchague ipi?

Valvu, yaani vilango vya moyo, ziko za aina ngapi?
Mbili. Ya chuma, ambayo siku hizi sehemu kubwa ni kaboni ngumu, na ya tishu, inayotokana na nguruwe au ng'ombe. Mwenye uzito wa kidini aseme mapema. Ya ng'ombe ipo.

Ipi inadumu?
Ya chuma inaweza kupita miaka 20. Ya tishu mara nyingi ni miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa upesi zaidi. Kumbuka kufungua kifua mara ya pili ni kazi ngumu: makovu huugandisha moyo na mfupa wa kifua.

Basi nichukue ya chuma, niachane na hospitali?
Hapana. Valvu ya chuma inadai warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yote, pamoja na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Ukiiacha, damu inaganda kwenye valvu. Bonge likikwama pale, valvu haifunguki. Likichomoka likapanda kichwani, unapooza. Kama ile ya kwanza iliziba kwa sababu uliacha dawa, ukiacha tena na hii inaweza kuziba vilevile.

Hata nikijisikia mzima kabisa?
Hata hivyo. Unajisikia mzima kwa sababu unameza dawa! Mama mmoja alinifungulia mkoba wake: warfarin ya miezi miwili haijaguswa, na chupa ya mitishamba imebaki robo. Alikuja amebebwa na wanawe.

Na Ramadhani?
Na Ramadhani. Ni mara moja tu kwa siku, meza baada ya futari.

Niache mchicha na kisamvu?
Usiache. Kula kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana mboga za majani hubadili nguvu ya warfarin. Cha kuacha ni diklofenaki za kujinunulia duka la dawa kila mgongo ukiuma. Pamoja na warfarin zinaweza kukutoa damu tumboni.

Bado nataka kuzaa.
Sema kabla ya upasuaji, si baada. Warfarin inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba. Ndiyo maana mabinti wengine huchagua ya tishu, ambayo kwa kawaida haidai warfarin maisha yote, wakijua kisu kitarudi. Ukiwa na ya chuma na siku zako zikapita, usiache dawa kimyakimya. Njoo siku hiyohiyo, ubadilishiwe dawa kwa utaratibu.

Kwetu hakuna kipimo cha INR.
Hilo ndilo neno la kumwambia daktari, tena la kwanza. Tafadhali usiitikie "nitameza, nitakuja" ili kumfurahisha. Nauli ya kufika kwenye kipimo ni sehemu ya uchaguzi wa valvu.

Ule mlio wa tiki-tiki wa valvu yangu ya chuma niliouzoea usiku umefifia, na pumzi inabana. Kliniki yangu ni Jumatano ijayo. Nisubiri?
Hapana. Leo. Hata kama ni usiku, hata kama mlio upo ila pumzi inabana, au mdomo umekwenda upande: leo. Beba na daftari lako la INR.