Mzigo Ukifika kwa Wakala Guangzhou, Siku za Kulalamika Zimeanza Kuhesabiwa

Wanaoleta kwetu malalamiko ya bidhaa walizoagiza nje mara nyingi wana kila kitu: picha, risiti, hata mazungumzo yote na muuzaji. Kinachowaangusha ni tarehe.

Chukua mtu wa Dar es Salaam aliyeagiza spika AliExpress, soko la mtandaoni la China, kupitia wakala wa mizigo. Anwani aliyoandika kwenye oda ni ya ghala la wakala, Guangzhou. Spika ikipokelewa pale, mtandao unaandika kwamba mzigo umemfikia mteja. Mteja mwenyewe bado anasubiri meli, bandari na simu ya kumwita Kariakoo akachukue mzigo wake, mwezi na zaidi. AliExpress inatoa siku 15 za kufungua lalamiko baada ya oda kukamilika. Siku anayokata gundi ya boksi na kukuta spika imepasuka, muda huo umeshapita zamani.

Kwa hiyo ukaguzi ufanyike ghalani. Mwambie wakala, hata kwa kumlipa kidogo, afungue boksi, apige picha ya lebo na ya bidhaa, na kama ni kifaa cha umeme akiwashe. Kasoro ikionekana huko, kurudisha bidhaa ni nauli ya ndani ya China tu. Tena sheria ya China ya kulinda walaji, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 15, 2014, inampa mlaji aliyenunua mtandaoni siku saba za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu. Vitu vilivyotengenezwa kwa oda maalumu na vinavyoharibika haraka havimo, na anayenunua jumla ili akauze asiitegemee. Spika ikishavuka bahari, nauli ya kuirudisha inaweza kuzidi bei yake. Muuzaji analijua hilo vizuri, ndiyo maana atakutupia dola mbili tatu za kukunyamazisha.

Ukishafungua lalamiko, utapokea ujumbe mtamu: “Rafiki, funga lalamiko kwanza, kesho nakutumia nyingine.” Usifunge. Mjibu kwa adabu, palepale kwenye mtandao mlikouziana na si WhatsApp, kwamba utafunga ukishapokea bidhaa au fedha. Waliolipa kwa PayPal wawe makini zaidi: wana siku 180 tangu kulipa za kufungua lalamiko, kisha siku 20 za kuomba PayPal yenyewe iamue. Zikipita bila kuomba, lalamiko linajifunga, na likishafungwa halifunguliwi tena.

Kama ulilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, nenda benki iliyokupa kadi uombe malipo yarejeshwe. Muda wake mara nyingi ni siku 120, na watakuuliza kama ulimtafuta muuzaji kwanza, kwa hiyo nenda na ushahidi. Aliyemtumia muuzaji fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake, ili apunguziwe bei kidogo, hana hata moja ya njia hizi. Punguzo hilo ni ghali.

Wengine hutuomba tumbane muuzaji aliyeko Shenzhen. Kusema kweli, kumshurutisha kutoka hapa ni kazi ngumu. Wakala mwenye ofisi Dar ni suala jingine, yuko chini ya sheria zetu, na akikupotezea mzigo unaweza kumlalamikia kwa Tume ya Ushindani, ambayo pia hulinda walaji. Ipo pia tovuti ya econsumer.gov, iliyoanza 2001, inayopokea malalamiko ya kuvuka mipaka. Inasaidia mamlaka kuwaona matapeli wanaojirudia, ila haitakudai fedha zako.

Ndugu zetu wanaoishi Umoja wa Ulaya wana nafuu. Vituo vya Walaji vya Ulaya huwasaidia bure dhidi ya muuzaji wa nchi nyingine ya Umoja huo, Norway au Iceland. Kwa madai yasiyozidi euro 5,000 upo utaratibu wa mahakama wa kujaza fomu bila kulazimika kuweka wakili, isipokuwa Denmark. Ule mtandao wa Ulaya wa kusuluhisha migogoro ya manunuzi ulifungwa Julai 20, 2025, kwa hiyo ukiukuta bado umetajwa kwenye masharti ya muuzaji, upite.