Mjomba na Mpwa Wake Kinuni: Kufuatilia Nasaba ya Ukoo wa Kiingereza Uliohamia Toronto

Mashariki mwa katikati ya jiji la Toronto, karibu na mahali ambapo mto Don ulikuwa ukimwaga maji yake bandarini, yamesimama majengo ya matofali mekundu yaliyozunguka jengo moja kubwa la mawe ya kijivu. Leo yamejaa migahawa na maduka ya sanaa, lakini mpaka 1990 hapo palikuwa na kiwanda cha wiski cha Gooderham na Worts. Wageni wengi husoma majina hayo mawili na kudhani ni ya wafanyabiashara waliokutana, wakachanga mtaji na kugawana faida. Kwa sisi tunaofanya kazi na nyaraka za koo, majina hayo ni kipande cha nasaba: moja ni la mjomba, jingine ni la mpwa wake, na aliyewaunganisha ni mwanamke ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye jengo hilo. Makala haya yanafuata ukoo huo ili kuonyesha jinsi familia ya mafundi wa Kiingereza waliohamia Kanada ya kikoloni inavyotafutwa, na kwa nini anayefuata jina la baba peke yake huishia njiani.

Tuanzie kwao. James Worts alikuwa mwenye kinu cha kusagia nafaka huko Bungay, katika jimbo la Suffolk, na mkewe Elizabeth alikuwa dada wa William Gooderham, aliyezaliwa 1790 katika kijiji cha Scole, jimbo la Norfolk. Bungay na Scole zote ziko kandokando ya mto Waveney, ambao ndio mpaka wa majimbo hayo mawili, kwa hiyo watu wa bonde hilo walioana, wakauziana ngano na kuazimana vyombo vya kazi kama majirani wa kawaida. Nyaraka zao, hata hivyo, zimegawanywa: za upande mmoja wa mto zinahifadhiwa na Norfolk, za upande wa pili na Suffolk. Mtafiti anayepekua jimbo moja tu ataona kijana anatoweka kitabuni akadhani amekufa au amehama nchi, kumbe amevuka daraja kwenda kuoa.

Familia hii iliondoka Uingereza 1831 na 1832, na miaka hiyo ina maana kubwa kwa mtafutaji. Serikali ya Uingereza ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837, na sensa ya kwanza ya nchi nzima kutaja watu wote kwa majina ilifanyika 1841. Aliyeondoka kabla ya hapo hayumo kokote humo, naye hutafutwa katika rejista za kanisa, wosia zilizothibitishwa na mahakama za kanisa, na hati za mafunzo ya ufundi. Habari njema ni kwamba tangu 1813 makanisa ya Kianglikana yalitumia vitabu vya ubatizo vilivyochapwa kwa safu maalumu, na mojawapo ya safu hizo ni kazi ya baba. Kabla ya hapo kasisi aliandika alivyopenda, na aghalabu alipenda kuandika kidogo. Kwa koo za mafundi safu hiyo ni hazina, maana katika kijiji chenye akina John Smith watatu, mmoja mhunzi, mwingine seremala na wa tatu kibarua, kazi ndiyo inayowatenganisha.

James Worts alitangulia 1831 pamoja na mwanawe, akafika York, mji mdogo uliokuwa makao makuu ya koloni la Upper Canada, akaanza kujenga kinu cha upepo ufukweni, karibu na mdomo wa mto Don. Mwaka uliofuata alifuata shemeji yake William Gooderham na msafara wa watu 54, waliokuwa mchanganyiko wa jamaa zake, jamaa za Worts, watumishi na watoto yatima. Aliingiza pauni 3,000 katika biashara ya kinu, na kampuni ikaitwa Worts na Gooderham. Hao 54 wamewapotosha wengi. Mtu akikuta kundi lililosafiri pamoja na kuishi pamoja huwa na hamu ya kuwafanya wote damu moja, ilhali mtumishi alikuwa mtumishi na yatima alikuwa wa mtu mwingine. Kila mmoja anahitaji ushahidi wake mwenyewe.

Wala asitarajie mtafutaji kulimaliza suala hilo kwa orodha ya abiria. Orodha za meli zilizoingia Quebec, bandari ambayo wahamiaji wengi wa Upper Canada walipitia, zimehifadhiwa kwa mfululizo kuanzia 1865 tu. Za nyuma ya hapo ni vipande vipande. Mwaka 1832 ndio pia ulioingiza kipindupindu Kanada kwa meli za wahamiaji, na kituo cha karantini kikafunguliwa mwaka huohuo katika kisiwa cha Grosse Île kwenye mto St. Lawrence. Familia zilivunjika njiani: mzazi akazikwa Quebec, mtoto akalelewa Montreal au York na watu asiowajua. Ndiyo maana neno yatima hukutana nalo mara kwa mara katika habari za mwaka ule.

Kisha ikafika Februari 1834. Elizabeth alifariki katika uzazi. Wiki mbili baadaye mumewe James alikutwa amekufa maji katika kisima cha kinu, na waliomjua hawakuwa na shaka kwamba alijitosa mwenyewe kwa majonzi. Mwezi uliofuata, tarehe 6 Machi, mji wa York ulipandishwa hadhi na kuitwa Toronto. James Worts basi hakuwahi kuishi Toronto hata siku moja, ingawa jina lake limo katika historia ya jiji hilo. Mtu akitafuta kifo chake kwa kuandika neno Toronto katika fahirisi ya 1834 anaweza kukikosa, kama anavyoweza kukosa mengine kwa kuandika Ontario: koloni liliitwa Upper Canada mpaka 1841, likaitwa Canada West mpaka 1867, ndipo likawa jimbo la Ontario. Karani aliandika jina lililotumika siku ile.

Watoto wa Worts walibaki mikononi mwa mjomba wao. Hapa Kiswahili kinamsaidia mtafiti kuliko Kiingereza chenyewe. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba na kwa baba mdogo, na neno moja kwa mpwa na kwa mtoto wa kaka, hivyo hati ikisema fulani ni wa namna hiyo kwa fulani hujui kama undugu umepita kwa mama au kwa baba. Sisi tunalazimika kuuliza kabla hata ya kutafsiri, na swali hilo ndilo hufungua mlango, kwa sababu jibu lake ni jina la mwanamke. (Kwenye shemeji, nakiri, sisi nasi tumechanganya: kaka wa mke na mume wa dada tunawaita vilevile.)

Mtoto mkubwa wa James na Elizabeth, aliyezaliwa Great Yarmouth mwaka 1818, alikuwa na umri wa miaka 15 wazazi wake walipofariki. Jina lake kamili lilikuwa James Gooderham Worts. Mtu wa pwani yetu akiliona jina la katikati atadhani ni la baba, kwa kuwa kwetu mtu hutaja jina lake, la babake, kisha la babuye. Kwa Waingereza wa karne ile jina la katikati linalofanana na jina la ukoo mara nyingi lilitoka kwa mamake: ndugu wa mama walikumbukwa humo, au mjomba mwenye uwezo aliheshimiwa humo. Si kanuni isiyovunjika, lakini mtafutaji akikuta jina la namna hiyo na hajui mama alitoka ukoo gani, aanzie hapo.

Majina ya biashara yenyewe yanasimulia kilichotokea. Baada ya kifo cha Worts, kampuni ilibeba jina la William Gooderham peke yake. Mwaka 1845 alimwingiza mpwa wake ubia, na kampuni ikawa Gooderham na Worts, jina lililodumu. Katikati ya miaka hiyo kazi nayo ilibadilika. Upepo wa ziwani haukutegemeka, wakafunga injini ya mvuke. Nafaka ilizidi, na kuanzia 1837 wakaanza kuigeuza pombe. Mtafiti anayetafuta mwenye kinu katika orodha ya wakazi ya miaka ya 1840 atamkuta mwenye kiwanda cha wiski, na huenda akamruka akidhani ni mtu mwingine.

Sensa nazo zina mitego. Ile inayoitwa sensa ya 1851 iliandikwa Januari 1852, na iliuliza umri ambao mtu angetimiza siku yake ijayo ya kuzaliwa. Fundi aliyezaliwa Juni 1818 alikuwa na miaka 33 siku ya sensa, lakini karani aliandika 34. Anayetoa 34 katika 1851 hupata 1817 na kuanza kutafuta ubatizo katika mwaka usio wake. Vitabu vingi vya sensa hiyo, vya Toronto vikiwamo, havikuhifadhiwa, hivyo kwa wakazi wa jiji hutumiwa zaidi orodha za kodi za manispaa na vitabu vya anwani vilivyotaja mtu, kazi na mtaa.

Ndoa zilizofungwa ng'ambo ya bahari zinahitaji tahadhari yake. Mpaka 1831 wahubiri wa Kimethodisti wa Upper Canada hawakuwa na ruhusa ya kufungisha ndoa, kwa hiyo kuikuta ndoa ya seremala katika kitabu cha Kianglikana cha miaka ya 1820 hakuthibitishi dhehebu lake. Uandikishaji wa serikali ulianza Ontario tarehe 1 Julai 1869, miaka 32 kamili baada ya Uingereza.

Waraka ninaoupenda kuliko wote, na ambao wapekuzi wengi huuacha kwa sababu lugha yake ni kavu, ni hati ya kuuza ardhi. Sheria ya Kiingereza iliyotumika katika koloni ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote. Mnunuzi mwangalifu hakukubali kulipa mpaka mke wa muuzaji atie sahihi au alama yake kuiacha haki hiyo. Kwa hiyo mwanamke ambaye sensa haikumfikia na ambaye gazeti lilimwita mke wa fulani, hapa anaonekana kwa jina lake, na akiwa hajui kuandika, kwa msalaba alioukokota mwenyewe kwa wino.

William Gooderham na mkewe Harriet walikuwa na watoto 13, wavulana wanane na wasichana watano, na wazao wao wameandikwa vizuri kwa kuwa utajiri huacha karatasi nyingi. William alifariki Agosti 1881, mpwa wake akashika nafasi yake ya urais wa Benki ya Toronto, naye akafariki Juni 1882, na usukani ukaenda kwa George, mmoja wa wana wa William. Vifo hivyo viwili vilitokea zaidi ya miaka kumi baada ya uandikishaji kuanza, hivyo viko katika safu: umri, kazi, mahali alikozaliwa marehemu, sababu ya kifo. Kifo cha Elizabeth kilitangulia rejista hiyo kwa miaka 35. Anayemtaka hana budi kurudi kwenye vitabu vya maziko vya kanisa la York, kwenye kitabu cha ubatizo cha 1818 chenye safu ya wazazi, na kwenye jina la katikati la mwanawe.