Kukloni diski: pima afya yake kwanza, programu baadaye

Kabla hujapakua programu yoyote ya kukloni diski, yaani kuinakili nzima kama ilivyo kwenda diski nyingine, pakua CrystalDiskInfo. Ni ndogo, ni ya bure, na itakuonyesha kumbukumbu ambazo diski yenyewe imekuwa ikitunza kuhusu afya yake. Tazama mistari miwili tu: 05, unaohesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) mbovu ambazo nafasi yake imechukuliwa na sekta za akiba, na C5, unaohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Angalia pia namba zimeandikwaje, maana programu hii huzitoa kwa hesabu ya kumi na sita usipoibadilisha, kwa hiyo ukiona 10 ujue ni 16. Kama C5 ni sifuri na 05 haiongezeki, chagua programu uitakayo. Kama C5 imeshaanza kuhesabu, sehemu kubwa ya programu zinazosifiwa mtandaoni hazikufai.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wanaoniletea laptopu za mtumba ili niwahamishie Windows kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, wananiambia neno moja: imekuwa nzito. Mara nyingi kweli ni HDD, diski ya kuzunguka, ya zamani iliyozidiwa na Windows ya leo. Lakini kuna nyakati uzito huo ni diski inayokata roho, inayorudia kusoma sekta ileile mara kadhaa kabla ya kukubali kwamba imeshindwa. Ukiikabidhi kwa programu ya kawaida, itasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mstari mmoja, itanasa kwenye kidonda cha kwanza, na muda wote iliponasa inazidi kuharibika huku picha na mahesabu ya mwenye nayo yakiwa bado hayajaguswa.

Diski ya namna hiyo ni ya GNU ddrescue. Inatumika kwenye Linux, kwa hiyo unawasha kompyuta kwa flashi yenye SystemRescue au nyingine ya aina hiyo. Ubora wake ni kwamba husoma kwanza pale panaposomeka, huruka palipo pabaya, kisha hurudi baadaye kupambana na vidonda. Kila inachofanya hukiandika kwenye faili ya ramani. Mimi huanza na amri ya kuorodhesha diski, lsblk -o NAME,SIZE,MODEL, ili nijue kwa ukubwa na jina la modeli ipi ni diski ya zamani na ipi ni mpya, kwa sababu ukizipindua unaifuta ile uliyotaka kuiokoa. Halafu:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map

Hapo sda ni ya zamani, sdb ni mpya, na /mnt/flashi ni mahali nilipoiunganisha (mount) flashi ya kutunzia ramani. Alama ya -n inaiambia isijisumbue na vipande vigumu katika mzunguko huu. Mzunguko wa pili naondoa -n na kuweka -d -r3, ili isome moja kwa moja kutoka kwenye diski na irudie vidonda mara tatu.

Faili ya ramani iweke kwenye flashi nyingine au diski ya tatu. Mfumo uliowashwa kwa flashi huishi ndani ya RAM, na huku kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi, chochote kilichokuwa RAM kimekwenda. Ramani ikiwa salama, unatoa amri ileile na ddrescue inaendelea pale ilipoishia.

Kwa diski yenye afya, chaguo langu ni Clonezilla, ya bure, inayotengenezwa Taiwan katika kituo cha taifa cha kompyuta, NCHC. Yenyewe husoma sehemu zenye data tu. Diski ya GB 500 iliyotumika GB 120 haikulazimu usubiri GB 500 zote. Sura yake haivutii, na anayeogopa skrini ya maandishi matupu achukue Rescuezilla, yenye vitufe vya kubofya.

Kinachowaliza watu na Clonezilla ni ukubwa. Diski ya GB 500 na SSD ya GB 480 zinaonekana kama ndugu dukani, lakini Clonezilla hutaka patisheni (sehemu iliyogawanywa ya diski, kama C) ya kupokea iwe sawa au kubwa kuliko ya kutoa, hata kama data yenyewe ni robo tu. Utapunguza patisheni ya C kwa GParted, programu ya kugawa diski, kisha utasogeza ile ya urejeshaji ambayo mara nyingi imekaa mwishoni kabisa. Inawezekana, lakini kwa anayeanza ni njia ndefu yenye mitego. Bora ununue SSD ya 500 au 512. Kama ya 480 iko mkononi tayari, tumia programu inayobana patisheni yenyewe. Ya Samsung hufanya hivyo, ila inakubali SSD za Samsung tu kama mpokeaji. Crucial imekuwa ikiwapa wateja wake Acronis, programu ya kukloni, bure. Macrium Reflect ni nzuri sana, lakini toleo lake la bure limesitishwa, na anayekupa kiungo cha toleo hilo leo anakupa programu isiyopata tena marekebisho ya usalama. Zile za kulipia zilizovunjwa funguo, zinazosambazwa kwenye magrupu ya Telegram, usiziguse. Programu ya kukloni hupewa ruhusa ya kusoma kila baiti ya diski yako.

Kabla ya kuanza, zima Windows kikamilifu. Andika powercfg /h off kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kwa kuwa ule uwashaji wa haraka huiacha diski ikiwa nusu imefungwa. Kisha manage-bde -status. Ikionyesha kwamba BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, inafanya kazi, Clonezilla haitaona kilichomo ndani na italazimika kunakili kila sekta, tupu na zenye data. Ifungue usimbaji kwanza, au walau hifadhi ufunguo wa kurejesha mahali pasipo kompyuta hiyo. Windows 11 za karibuni huiwasha zenyewe bila mwenye mashine kujua.

Kazi ikiisha, zima, chomoa ya zamani, na uwashe mara ya kwanza ukiwa na mpya peke yake. Sasa zina utambulisho mmoja, na zikikutana Windows huizima mojawapo (huiita offline) isitumike.

Ya zamani itunze wiki kadhaa. Ukitaka kuiuza, usitegemee fomati ya haraka. Kwenye diskpart, zana ya diski iliyomo ndani ya Windows, andika list disk kuhakiki namba, select disk kuichagua, kisha clean all. Clean peke yake hufuta jedwali la patisheni tu, na aliyeinunua anaweza kurudisha nyaraka zako kwa programu ya bure. Clean all huandika sifuri kwenye kila sekta, kwa hiyo kwa HDD ya GB 500 iache ifanye kazi kwa saa kadhaa.